Mbuzi wa Ntheo Hawakupakiwa

Kila asubuhi, kabla ya kukamua, Mutanu aliwahesabu mbuzi wake. Boma lake liko mwendo mfupi kutoka soko la Matiliku. Asubuhi ile alihesabu kumi na wanne, wote wazima. Watatu kati yao walikuwa na utepe mwekundu shingoni. Hao walikuwa mbuzi wa ntheo. Jumamosi wangepelekwa Kitui, kwa wazazi wa Syombua, na kuanzia hapo Syombua angehesabiwa mke wa mwanawe, Gedion.

Kilichomsumbua Mutanu ni ng'ombe. Alikuwa nao wawili. Doa alikohoa siku nyingi, macho yakitoka machozi, pua nyekundu yenye kamasi nzito. Mwishowe akatupa mimba ya miezi saba. Wa pili, Kyeni, mimba yake ilikuwa bado salama.

Mumewe, Mwau, hakuzembea. Doa alipoanza kukohoa, alimtenga na Kyeni siku ileile, akamhamishia kwa mbuzi. Alisema ugonjwa wa ng'ombe ni wa ng'ombe, mbuzi hauwahusu. Doa akalala na mbuzi wiki mbili, wakinywa maji kwenye karai moja.

Kupeleka mifugo kaunti nyingine kunahitaji kibali. Kwa hiyo Mutanu alikuwa amemwita Khamisa, daktari wa mifugo. Khamisa alikuja kuwaona mbuzi, lakini macho yake yakabaki kwa Doa. Aliuliza ni nani aliyezika ile mimba. Mwau akasema ni yeye, kwa mikono mitupu. Khamisa akamwambia siku nyingine avae glavu, maana yapo magonjwa mengine ya kutupa mimba yanayompata mtu. Kisha akachukua damu na ute wa puani wa ng'ombe na wa mbuzi wote. Kibali hakuandika. Alisema wangoje maabara.

Alirudi na majibu siku ya Alhamisi. Doa alikuwa na virusi vya hepesi vya ng'ombe. Kyeni hakuwa navyo. Mbuzi wanne walikuwa navyo, wawili wao wale wa utepe.

Mwau aliwatazama mbuzi, akamtazama Khamisa. "Hawa? Hawa walioruka ua jana wakamaliza kunde zangu? Mgonjwa gani anaruka hivyo?"

Khamisa akacheka. "Mzee, si lazima mbuzi augue. Virusi hivi ni vya ng'ombe, lakini vinaweza kumwingia mbuzi au kondoo. Mara nyingi hutaona dalili yoyote. Vinajificha ndani ya mishipa ya fahamu, na havitoki tena maisha yake yote."

Mutanu alimwomba aeleze tena, polepole. Khamisa akamuuliza kama amewahi kuona mtu mwenye vidonda vya mdomoni vinavyopona, kisha vinarudi akipata homa. Mutanu alikuwa ameona. Khamisa akasema virusi vya vidonda hivyo ni ndugu wa hivi vya ng'ombe, ingawa hivi vya ng'ombe havimpati mtu. Mnyama akipata shida, kama njaa, kiangazi au safari ndefu, virusi vinaamka na kutoka kwa pumzi na kamasi.

"Kwa hiyo tukiwapakia kwenye pikapu mpaka Kitui," Mutanu akasema, "ni sisi tutakaoviamsha."

"Na vitaamkia kwa wenyeji wenu. Hata huyu wa tatu amekunywa karai moja nao. Siwezi kumwamini bado."

Mutanu aliwakumbuka ng'ombe wa Nzomo, baba yake Syombua. Walikuwa watatu, wote wana mimba.

Khamisa akaondoka. Mwau akasema pikapu inaweza kutoka alfajiri, kabla mtu hajauliza kibali. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Anayeahirisha ntheo huonekana anamchezea binti wa watu. Mutanu hakubishana naye. Aibu ile aliijua, hata yeye ilimchoma. Akachukua simu.

"Unampigia nani?" Mwau akauliza.

"Mkwe."

"Utamwambia nini?"

"Nilivyoambiwa mimi."

Alimweleza Nzomo yote, hatua kwa hatua: kikohozi, karai, maabara, pikapu. Nzomo aliuliza maswali mawili.

"Mama Gedion," Nzomo akasema mwishowe, "ng'ombe wangu wangetupa mimba, nami ningemlaumu jirani. Ongezeni wiki tatu, mtafute mbuzi wengine. Syombua hatakimbia."

Mwau aliposikia hivyo, alisimama. Alimpigia ndugu yake Musembi wa Makindu, ambaye hufuga mbuzi tu. Khamisa alipanga mbuzi watatu wa Musembi wapimwe. Walikuwa safi, na kibali kikaandikwa. Walitoka Makindu hadi Kitui bila kukanyaga boma la Mutanu.

Doa hakuuzwa kwa mfugaji mwingine. Alikwenda kwa mchinjaji. Wale mbuzi wanne walikaguliwa, wakaliwa siku Syombua alipopokelewa. Mwau alimwekea Kyeni zizi lake na karai lake. Langoni akaweka beseni la maji yenye dawa ya kuua viini, la kuchovyea viatu. Mbuzi waliobaki walipimwa tena baada ya miezi miwili, wakakutwa safi.

Mvua ziliponyesha, Kyeni alizaa ndama jike. Nzomo alikuja kumwona. Mwau alimkuta langoni, akasita kidogo. Si rahisi kumwamuru mkwe.

"Mkwe," akasema kwa upole, "viatu kwanza."

Nzomo aliingiza mguu mmoja ndani ya beseni, halafu wa pili.

"Beseni langu nami liko langoni tangu Mama Gedion aliponipigia simu," akasema. "Ng'ombe wangu wamezaa wote watatu."