Bado Vifungo Tu

Kila Jumamosi, Pini alianza kazi kwa kupiga magoti. Alitembeza sumaku chini ya meza ya kukatia na kuokota pini zilizoanguka wiki nzima. Ndiyo maana mtaa wote ulimwita Pini, hata mwalimu wake wa darasa la sita. Akimaliza, alifagia vipande vya vitambaa, akapangusa vumbi kwenye cherehani, kisha akakaa kwenye kigoda karibu na mlango kungoja wateja.

Mama yake alikuwa fundi hodari wa kushona. Tangu baba alipofariki, duka lile la chumba kimoja lilibaki mikononi mwake peke yake. Yeye ndiye aliyepima, akakata, akashona na kupiga pasi. Simu aliipokea huku pini zimejaa midomoni. Uzi ukiisha, alifunga mlango na kukimbilia sokoni, na akirudi anaambiwa wateja walikuja wakaondoka. Kwa hiyo mteja yeyote aliyemkuta dukani, mama hakumwacha aende hivi hivi. Kila kitambaa alikipokea, na kila mtu alimwambia, "Njoo Jumamosi." Mifuko ilijaa chini ya meza na juu ya kabati, mingine ikafika mpaka nyumbani, miguuni pa kitanda cha Pini. Hata akilala, mguu wa mama ulikanyaga hewani kana kwamba bado yuko kwenye cherehani.

Jumamosi hiyo mama alisimama ghafla. "Uzi mweupe umeisha! Pini, nakwenda sokoni. Leo usifunge. Mteja akija, mwambie bado vifungo tu."

"Hata ambaye nguo yake haija..."

"Wote, mwanangu. Mungu anisamehe, nitafanya nini? Mikono ninayo miwili tu." Akajifunga mtandio na kutoka mbiombio.

Haukupita muda, akaja mwenye duka la vyombo kuulizia suruali yake.

"Bado vifungo tu, baba," Pini akasema.

"Suruali yangu ni ya zipu."

"Ni... ni kile kifungo cha juu."

Yule bwana alicheka. "Umeshakuwa fundi kamili wewe! Uongo wa mafundi wote umeujua." Akaondoka akitikisa kichwa. Pini alicheka pia, lakini mashavu yalimwaka moto.

Kisha akaingia msichana mrefu mwenye mkoba mkubwa. Pini alimjua. Alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, na kitambaa chake cheupe cha sare kilikuwa kimekaa pale wiki tatu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Sare yangu tayari? Kesho alfajiri nasafiri. Keshokutwa naanza kazi, na bila sare sipokelewi."

Pini akasema kama alivyoagizwa, "Bado vifungo tu, dada."

"Basi!" Muuguzi alikaa kwenye benchi, akafungua mkoba na kutoa sindano na kibunda cha uzi. "Nipe hivyo hivyo. Vifungo nitavishona mwenyewe hapa hapa."

Pini aliganda. Hilo hakulitegemea. "Mama... mama ameifungia kabatini. Ufunguo ameondoka nao."

"Hakuna neno, nitamsubiri."

Akasubiri. Akasimulia habari za chuo, na jinsi mama yake alivyomnunulia kitambaa kile kwa furaha. Kila mara alichungulia mlangoni, akatazama saa, akatikisa mguu. Na mguu huo, masikini, ulikuwa ukigusa mfuko wa bluu chini ya meza. Ncha ya kitambaa cheupe ilikuwa imechomoza mfukoni. Kila mguu ulipotikisika, ncha ilizidi kutoka. Pini alikaa, akasimama, akafagia mahali alipokwisha kufagia. Uongo wa kwanza ulikuwa wa mama. Huu wa ufunguo ulikuwa wake mwenyewe, na alijua kuna Mmoja anayewasikia wote wawili.

"Dada," alisema hatimaye, machozi yakimlengalenga, "nimekudanganya. Kitambaa chako ni hicho hapo mguuni. Hakijakatwa."

Muuguzi aliinama, akakivuta. Kilikuwa na mikunjo ile ile ya dukani. Wakati huo huo mama aliingia akihema, uzi mkononi.

"Karibu dada! Nguo yako bado..." Akaona kitambaa.

"Fundi, nilikuamini," muuguzi alisema taratibu. "Ungeniambia wiki iliyopita kwamba huwezi, ningetafuta mwingine. Sasa nifanyeje? Nakipeleka kwa Babu Suti."

Babu Suti alikuwa mshonaji wa duka la tatu kutoka pale. Yeye na mama walisalimiana tu kwa mbali, kila mmoja akidhani mwenzake anamwibia wateja. Mama alijiangusha kwenye kigoda. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimezidiwa. Naogopa kukataa kazi, naogopa na kusema nimezidiwa."

"Mama," Pini akasema, "kwa nini tusiende wote?"

"Kwa Babu Suti? Ili anicheke?"

"Akicheka, atakuwa anacheka huku anakata."

Mama alimtazama binti yake, akainuka, akachukua mkasi.

"Leo mvua itanyesha!" Babu Suti alisema alipowaona mlangoni kwake. Alisikiliza habari yote akiwa ameshika futi yake shingoni. Kisha akacheka kweli, lakini si kicheko cha kejeli. "Fundi, unadhani ni wewe tu? Mimi tangu asubuhi nimebanwa na haja, siwezi kuacha duka wazi. Pini, nilindie mlango, nakuja!" Akatoka mbio, na hata muuguzi akashindwa kujizuia kucheka.

Aliporudi, kazi ilianza. Mama alipima na kukata. Babu Suti akashika kola na mikono ya nguo, mama akarudi kwenye cherehani yake kushona mwili. Pini alikaa mlangoni kwa mama, na kila mteja aliyekuja alimwambia ukweli: "Nguo yako haijaanzwa. Mama atakupigia simu leo kukwambia siku." Mmoja aligomba, akachukua kitambaa chake akaenda zake. Mama alimwona akiondoka, akauma mdomo, akaendelea kushona.

Jua lilipokaribia kuzama, sare ilikuwa mezani. Sasa ilikuwa bado vifungo tu kwa kweli. Muuguzi alivishona, na cha mwisho akampa Pini. Kilikaa upande kidogo.

"Ngoja nikitoe," mama akasema.

"Kiache," muuguzi akajibu. "Kila nikikitazama nitakumbuka mtoto aliyeniambia kweli."

Jumatatu mama alipigilia misumari sita ukutani, mmoja kwa kila siku ya kazi. Kila msumari ulibeba mfuko wa kazi ya siku moja. Siku ya ibada haikupewa msumari. Mfuko usiokuwa na msumari haukupokelewa. Tena, mama akienda kununua uzi, Babu Suti alitazama milango yote miwili, na babu akitaka kwenda kunywa chai, zamu ilikuwa ya mama.

Wiki chache baadaye, mwenye duka la vyombo alileta kitambaa. "Nakitaka Jumamosi."

Pini alitazama ukutani. "Misumari imejaa, baba. Labda Jumatano ijayo."

Yule bwana alinuna, akatoka. Alifika katikati ya barabara, akageuka. "Jumatano kweli?"

"Kweli."

"Basi shika. Afadhali Jumatano yenu kuliko Jumamosi za wengine."

Alipoondoka, mama alisimamisha cherehani. "Unaona, mwanangu? Nilidhani kufanya kazi peke yangu maana yake nikubali kila kitu na nisimwombe mtu msaada. Kumbe kazi inataka niseme ukweli mapema, tena nikubali kushikwa mkono. Na siku ile nilikufundisha uongo, wewe ukanirudisha njiani. Mungu akubariki."

Pini aliona haya, akainama kuokota pini. Usiku huo alipochungulia chumbani, mama alikuwa amelala fofofo. Mguu wake ulikuwa umetulia.