Mayai Sitini na Betri ya Pikapu

Katika nyumba hii kila chombo kilikuwa na nguo yake. Redio ilivaa kitambaa cha kufuma. Televisheni ilivaa. Hata birika la chai lilivaa! Vyote alivifuma bibi wa nyumba, na majirani wakampa jina, Bi Vitambaa. Jina lenyewe lilimfurahisha, ila alijifanya halisikii.

Lakini mwezi huu hakushika uzi. Akili yake yote ilikuwa jikoni, kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Ndani mlikuwa na mayai sitini, na leo ilikuwa siku ya kumi na nane. Vifaranga hutoka siku ya ishirini na moja. Mayai ya kwanza yaliharibika yote baada ya umeme kukatika. Mwanawe, dereva wa pikapu, akamwambia waziwazi:

"Mama, na haya yakiharibika, mashine nairudisha kwa mwenyewe. Umri umekwenda. Wewe pumzika tu."

"Nipumzike, kwani nani kakwambia nimechoka?"

Alijibu kwa ukali, lakini neno lile lilimchoma. Kukaa barazani kutwa nzima akiangalia wapita njia! Afadhali augue.

Basi siku hiyo, saa tatu asubuhi, umeme ukakatika tena. Ilipofika saa sita haujarudi. Bi Vitambaa aligusa mfuniko wa mashine, akaona joto linapungua.

Mwanawe alikuja na inveta aliyoazima. Hicho ni kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe umeme wa nyumbani. Pikapu ilikuwa bandani, karibu na dirisha la jikoni. Aliunga inveta kwenye betri kwa nyaya nyembamba za spika, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Akapitisha waya wa soketi dirishani. Taa ya mashine ikawaka.

"Haya, Mama. Mimi nafuata mzigo kwa miguu, narudi sasa hivi."

Alipoondoka, upepo ukavuma, vumbi likaingia bandani. Bi Vitambaa akakitazama kile kisanduku, akakionea huruma. "Maskini, kitajaa mchanga." Akaleta kitambaa chake kizito, akakikunja mara mbili, akakifunika vizuri, akakipapasa juu.

Mkamwana wake naye akaona taa. "Mama, umeme umerudi? Acha nipige pasi sare za watoto mara moja."

"Piga, mwanangu, piga. Umeme wa betri huo."

Pasi haikupata hata joto. Inveta ililia piii, piii, kisha ikanyamaza. Taa ya mashine ikazimika. Harufu ya plastiki inayoungua ikajaa bandani, na moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye nyaya. Mkamwana akakimbilia ndoo ya maji.

"Wee! Maji hapana!"

Sauti ilitoka nje ya ua. Alikuwa binti jirani, fundi wa umeme wa magari, aliyekuwa akirudi nyumbani kula. Aliingia mbio. Akachomoa waya wa soketi, akazima inveta. Akafungua kwanza waya mweusi kwenye betri, halafu mwekundu. Moshi ukaisha.

"Maji na umeme haviivi chungu kimoja," alisema akihema. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeua mayai yangu!" Machozi yakamtoka Bi Vitambaa. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Hujaua. Usifungue mfuniko, joto lisitoke. Tuna muda kidogo." Fundi akainua kitambaa. Chini yake inveta ilikuwa ya moto. "Nani kaivika nguo?"

Mkamwana akatazama dari. Bi Vitambaa akajikohoza.

"Bibi, hiki chombo kinapumua. Matundu haya yanatoa joto. Ukiyafunika, ni kama kumziba mtu pua. Kikae kivulini, pakavu, wazi, watoto wasifike. Umeme unaotoka hapa unaua kama ule wa ukutani."

"Na pasi?"

"Soma hapa. Inveta inabeba wati mia tatu. Mashine yako inakula themanini. Pasi inataka elfu moja! Utambebesha mbuzi gunia la ng'ombe?"

"Lo! Na mimi nikasema piga, mwanangu, piga."

Mkamwana akacheka, na Bi Vitambaa akacheka naye, huku anafuta machozi.

Inveta ilikuwa imejizima yenyewe kabla ya kuharibika. Nyaya za spika ndizo zilizoungua. Fundi alileta kutoka kwake nyaya nene na fupi, zenye fyuzi kwenye waya mwekundu, karibu na betri. "Kukiwa na hitilafu, fyuzi inakatika, nyumba inabaki," alieleza.

Kisha watatu wakaisukuma pikapu hadi uani.

"Kwa nini tusiiache kivulini?" mkamwana aliuliza.

"Itabidi tuwashe injini ili betri ijae. Moshi wake ukijaa bandani au jikoni unaua watu kimyakimya. Na betri inapojazwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Msiwashe kiberiti karibu."

Aliweka inveta juu ya ubao, chini ya mwavuli. Akafunga waya mwekundu kwanza, kisha mweusi. Akawasha inveta. Mwisho kabisa, akachomeka mashine. Taa ikawaka. Bi Vitambaa akashusha pumzi ndefu.

"Sasa, Bibi, zamu yako. Kila baada ya saa mbili, washa injini dakika arobaini. Ukisikia inveta inalia kabla ya hapo, usingoje. Betri ikiisha kabisa, gari haliwaki."

"Mimi? Niwashe gari?"

"Panda nikuonyeshe. Hakikisha hendibreki imevutwa, gia haijaingizwa. Zungusha ufunguo."

Injini ikanguruma. Bi Vitambaa akashika usukani kwa mikono miwili, akapiga kelele za furaha hadi jirani wa tatu akachungulia.

Mwanawe alirudi alasiri, akamkuta mama yake amekaa kwenye kiti cha dereva, macho kwenye saa. Alitaka kusema jambo.

"Ngoja," Bi Vitambaa alimwambia. "Bado dakika sita."

Umeme wa nyumbani ulirudi magharibi. Siku tatu baadaye, maganda yakaanza kupasuka. Vifaranga arobaini na saba! Wengine kumi na watatu hawakutoka, akawasikitikia. Mwanawe alichuchumaa mbele ya mashine, kifaranga kimoja kiganjani.

"Mama," alisema, "awamu ijayo tutie mangapi?"

Bi Vitambaa hakugeuka. Alikuwa anasafisha trei.

"Kwanza ninunulie fyuzi za akiba," alisema. "Mayai tutaongea baadaye."