Kaske ya Edouard

Asubuhi hiyo kaske, helmeti ya pikipiki, ilikuwa palepale ilipotundikwa, kwenye msumari ukutani, lakini kioo chake kilikuwa na mvuke kwa ndani. Mumba alikitazama kutoka kitandani, mguu wake mbovu umenyooshwa juu ya mto. Mvuke ukajaa kioo, ukapungua, ukajaa tena, taratibu, kama mtu aliyelala.

"Chanda!" akamwita dada yake mdogo. "Nani alivaa hii kaske?"

"Hakuna muntu anaweza kuigusa, yaya." Chanda alimjibu kaka yake akiwa mlangoni, hakuingia. "Inanuka essence ya pikipiki. Inanuka na damu."

Mumba akatukana. Siku hizo alitukana kila kitu: mguu, daktari, serikali, hata jua la Oktoba. Mwaka mmoja tu nyuma hakuna aliyempita kwenye mbio za pikipiki, na akina mama wa sokoni Katuba walimwita kwa jina. Kisha akaanguka akavunja bega. Akapona, akapanda tena, akaanguka akavunja paja, wakamtia chuma. "Ukianguka mara ya tatu," daktari alimwambia, "hautatembea tena." Naye alikuwa ameshaapa kushindana Jumapili iliyokuja kwenye mbio za Kasungami. Bila pikipiki alikuwa nani? Kilema wa Katuba, basi.

Mara zote mbili alipoanguka alikuwa amevaa kaske hiyo.

Haikuwa yake. Ilikuwa ya Edouard, rafiki yake, aliyekufa mazoezini penye kichuguu kirefu, mwaka ule wa uporaji. Matanga yalikuwa siku ya tatu, wanaume wakiota moto nje na wanawake wakilia ndani, pale askari walipoingia mtaani wakifyatua risasi na kubeba hata milango ya watu. Waombolezaji wakatawanyika kama kuku. Céline, mjane, akakimbia na kuiacha nyumba wazi. Siku hiyo kila mtu alibeba kitu cha mwenzake. Mumba, ambaye kaske yake ilikuwa imeporwa kwenye chumba cha timu, aliingia kwa Edouard akaiona ile nyekundu ukutani. Akajiambia anaitunza tu. Mwongo mkubwa!

Sasa alijikokota hadi ukutani, akaishusha, akatoka nayo uani chini ya jua kali la saa sita. "Nitaona nani mukubwa hapa," akasema, akaivaa.

Ndani kulikuwa na joto la kichwa cha mtu mwingine. Pumzi ikamgusa sikio, nzito, ya mtu aliyekimbia, na pale penye kivuli cha ukuta pikipiki yake, ambayo yeye mwenyewe aliitoa bougie, plagi ya kuwashia, wiki tatu zilizopita, ikakohoa mara moja, ikanguruma, ikapaza sauti kama inaingia kwenye kona, na Mumba akaona mbele ya kioo si ua wake bali ile njia nyekundu na kile kichuguu kirefu kinachokuja, kinachokuja, na mkono wenye baridi ukaushika mkono wake ukaufunga kama juu ya usukani, na kaske ikambana mashavu, ikambana taya, huku sauti ya Edouard, aliyoijua kama ya ndugu yake, ikimwambia polepole, "Sema vile ulifanya."

Chanda ndiye aliyeivuta kwa mikono miwili hadi ikatoka. Mlio ukakatika. Bougie ilikuwa bado juu ya dirisha, imefungwa kwenye kitambaa.

Jioni Chanda akarudi na mama Adolphine, mganga wa Kasungami, mwanamke mkali aliyekuja na mikono yenye udongo wa shamba. Hakuchoma dawa wala hakupiga ngoma. Aliitazama kaske, akauliza:

"Hii kintu ulipewa?"

"Hapana."

"Matanga ya mwenyewe ilimalizika?"

"Basoda balikuya, mama. Bantu bakakimbia."

"Kumbe hakuna mwenye alimupyana. Jamaa haikukaa, haikuchagua muntu wa kuvaa kintu yake na kubeba jina yake. Weye ulijivalisha weye mwenyewe! Njo akaingia kwako." Akatema mate chini. "Mwenye bintu ni mujane wake. Umurudishie, umuambie vile alikufa. Akipokea, mufu ataenda. Akikatala, mie sina dawa."

Céline aliishi mitaa miwili kutoka hapo. Chanda akamwita, naye akaja kesho yake uani kwa Mumba, bado amevaa nyeusi; mama Adolphine pia alikuwapo, jembe begani. Mumba akamnyooshea kaske kwa mikono miwili, maneno yakamtoka kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

"Miye njo nilimufunga njia! Pale pa kichuguu. Alikuwa ananipita, nikamusukuma. Niliambia bantu alikunywa pombe. Hakunywa. Pardon, Céline. Pokea, aende."

Céline aliikodolea macho kaske.

"Mama yake alikufa akisema mutoto wake alikuwa mulevi," akasema. Akaipokea, akapangusa kioo kwa ncha ya kitenge. "Edouard? Uko mule?"

Kioo kikajaa mvuke.

Céline akalia. Alilia kilio kilichokatizwa na risasi siku ya tatu, mpaka majirani wakatokea uani. Alipomaliza akaingia ndani, akaitundika kaske kwenye msumari uleule.

"Balinikatizia matanga," akasema. "Sikuwa na fasi ya kumulilia. Sasa niko nayo. Ni hapa kwako. Ulirithi kintu yake, rithi yote. Asitoke!"

Mama Adolphine akachukua jembe lake, akaenda zake bila kuaga.

Jumapili upepo ulileta milio ya pikipiki kutoka Kasungami. Mumba, damu ikimchemka, akanyakua mikongojo yake na kuruka kutoka kitandani. Kwenye kigoda, mbele ya ukuta, Céline alikuwa ameshafika na alikuwa akisimuliana na mumewe habari za wiki nzima. Hakugeuka.

"Kaa chini, Mumba," akasema. "Bwana yangu hajamaliza kuongea."

Kwenye msumari, kioo kilijaa mvuke, kikapungua, kikajaa tena. Mumba akakaa.