Kitambaa Chekundu cha Akilimali

Maiti ililala kifudifudi kwenye mchanga wa Kajaga, hatua thelathini kutoka kizuizi cha jeshi. Jua lilikuwa limeshachomoza. Inspekta Tajudini alichuchumaa, akaigeuza taratibu.

Alikuwa Akilimali, mwonyesha njia wa jeshi. Miaka miwili alitangulia mbele ya askari ndani ya matete ya mto Rusizi, akisoma nyayo za waasi. Sasa alikuwa na risasi moja kifuani, risasi ya mlinzi wa kambi yake mwenyewe.

"Mlinzi alifanya kazi yake," alisema Kapteni Honoré, mkuu wa kambi. "Kila alasiri natangaza rangi ya siku, ya kitambaa ambacho mlinzi humtambulia mtu wetu. Jana ilikuwa nyekundu. Huyu amerudi alfajiri na nyeupe, ya juzi, ambayo waasi wanaijua. Amegeukia waasi, voilà. Mke wake atoke kambini leo kabla jua halijazama."

Mke huyo, Waridi, alisimama kando ya ukuta. Hakuwa akilia.

"Bwana inspekta," alisema, "mi nilimuona akitoka. Alifunga nyekundu. Kama alisaliti, uniambie, nitaenda. Lakini mutu asiniambie macho yangu ni mabovu."

Tajudini alianza na vifaa. Bunduki: pete za mkanda wake zilizungushiwa vipande vya mpira wa baiskeli zisigongane. Chupa ya maji: imeshonewa ndani ya kipande cha blanketi. Viatu: vya tairi, vyepesi. Vyote vilikuwa vimelowa.

"Askari wako wengine hawafungi bunduki hivi," alisema.

"Ni ufundi wa Jovithe, mwonyesha njia mwenzake, hadi viatu vya tairi," alijibu kapteni. "Ndiye alimfundisha marehemu. Hao wawili ni chanda na pete. Jana Jovithe alibaki, ana malaria."

Kitambaa kilizungushwa kifuani hadi mgongoni, juu ya mkanda wa risasi. Pasipo na damu, kwa mbali kilikuwa cheupe. Tajudini alikifungua fundo. Ndani ya mkunjo, mahali maji hayakufika vizuri, palikuwa pekundu.

Aliinua shati la marehemu. Mgongoni palikuwa na michirizi myekundu iliyopauka.

"Damu," alisema kapteni.

"Risasi haikutokea nyuma. Na damu ikikauka hugeuka kahawia. Hii ni rangi. Wanavuka wapi wakirudi?"

"Mtoni. Maji yanafika hapa." Kapteni aligusa kifua chake, kisha mkono wake ukabaki palepale.

Mama yake Tajudini alisuka mikeka mtaani Buyenzi maisha yake yote. Tangu utotoni alijua kwamba rangi ya ukindu huchemshwa na chumvi. Isipochemshwa, hutoka ikiguswa na maji.

Sokoni Jabe, muuza rangi Khadidja alimkaribisha kwa kicheko.

"Inspekta, umeacha pingu, sasa unasuka?"

"Nani amenunua nyekundu karibuni, mama?"

"Wasusi wangu nawajua wote. Mugeni ni mumoja tu. Mwanaume murefu, viatu vya tairi. Nikamuambia, baba, chemsha na chumvi, la sivyo itakimbia. Akasema apana, hiyo hiyo inatosha." Alitikisa kichwa. "Nikacheka. Nikasema, kuna mwanamuke atalia siku ya kufua."

Tajudini hakucheka.

Kambini, Jovithe alikuwa amejifunika blanketi mbili. Tajudini aliweka kiganja kwenye paji lake. Lilikuwa baridi.

"Toa mikono."

"Mi mugonjwa, shefu."

"Mikono."

Pembeni mwa kucha mlikuwa na wekundu.

"Ulitia rangi kitambaa cheupe."

Jovithe aliificha mikono chini ya blanketi.

"Khadidja wa Jabe anakukumbuka. Nimuite?"

"Apana. Usimuite." Jovithe aliketi. "Vitu vyetu tunatundika kwenye musumari mumoja. Nilikiweka tayari, nikangoja kapteni aseme nyekundu. Nilingoja siku tisa, na jana nikakibadilisha na chake."

"Kwa nini? Mlikunywa chupa moja."

"Ndiyo sababu nilimuambia!" Alizitupa blanketi kando. "Vainqueur, mudogo wangu, alitoroka waasi. Alichoka na vita. Mama alimuficha Kanyosha, kwenye banda la mbuzi. Nilimuambia Akilimali peke yake. Mutu mumoja, shefu, dunia nzima."

"Halafu?"

"Askari walienda moja kwa moja kwenye banda. Waliua Vainqueur, waliua na mama. Shangazi alikuwa kwenye mihogo. Aliona yule aliyetangulia, uso amejifunika. Akasema, bunduki yake haikulia hata kidogo, pete zimefungwa mupira wa baiskeli." Alijipiga kifuani. "Kwenye kambi yote tunafunga hivyo watu wawili. Na mi siku ile nilikuwa Kajaga."

Alifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Akaja kwenye mazishi. Alinikumbatia. Alishika jembe, akachimba na mi kaburi la mama."

Mlangoni kitu kilisogea. Waridi alikuwa amesimama pale, na hakuna aliyejua kwa muda gani.

"Shemeji," Jovithe alianza.

"Ulimuuliza?"

"Nini?"

"Kabla ya kumuua. Ulimuuliza kama ni yeye?"

"Sikumuuliza. Angekataa, ningemuamini."

Waridi aliutazama msumari ukutani, ulikobaki mkanda mmoja tu.

"Siku ile alirudi kutoka Kanyosha hakula," alisema polepole. "Nilipika samaki wa ndagala. Alinawa, akanawa tena. Nikadhani ni uchovu."

Kapteni Honoré alikuwa nje, kofia mkononi. Alijua nani alimwongoza Kanyosha siku ile. Hakumtazama inspekta.

"Mama," alimwambia Waridi, "mume wako hakusaliti jeshi. Nitaliandika hilo. Unaweza kubaki kambini."

Askari walimpitisha Jovithe, mikono imefungwa nyuma. Waridi alimsubiri apite, kisha akaingia ndani kwake. Alitoka na mkeka aliouviringisha na sufuria moja.

"Unaenda wapi?" aliuliza kapteni. "Nimesema jina lake ni safi."

"Nilitaka kujua kama alisaliti," alijibu Waridi. "Nimejua."

Aliweka mkeka kichwani, akashika njia. Jua lilikuwa bado juu.