Kilo Mbili za Mgongoni

Bwawa la kuzamia la Busan siku ya Jumapili hujaa hadi watu wanakanyagana mapezi. Humo ndimo Gyeong-ok, fundi miwani, alikuwa akihangaika ndani ya suti mpya ya zambarau: kila akijaribu kulala sawa majini miguu inazama, anabaki wima kama shati lililoanikwa. Alipoibuka, kijana mrefu aliyekuwa ukingoni akamwuliza amebeba kilo ngapi za risasi, yale madini mazito ya kumzamisha mzamiaji. Sita, zote kiunoni. Kijana akamshauri ahamishe mbili mgongoni, kwenye mkanda wa mtungi wa hewa. Gyeong-ok akahamisha, akazama tena, akalala kama yuko kitandani.

“Kilo ni zilezile sita,” alisema. “Kilichobadilika nini?”

“Mahali tu, dada.”

“Kwa nini?”

Hiyo “kwa nini” ndiyo iliyomponza kijana huyo, Tak Jae-beom, mwalimu wa mbizi. Jibu lilitaka kahawa, kahawa ikataka namba ya simu, na kufikia vuli wakawa wanapigiana kila siku. Gyeong-ok alimpenda kwa sababu hakuchoka kuulizwa.

Ndipo ikaja baridi, wakaenda kuzama baharini. Gyeong-ok alipokwenda kunywa supu ya moto, Jae-beom alitumbukiza kilo mbili za ziada kwenye mfuko wa mgongoni wa koti lake la kuelea, kimyakimya. Kule chini binti alijiona mzito, akawa anajaza hewa kwenye koti na bado anavutwa, roho mkononi. Walipotoka akapekua, akazikuta.

Jae-beom alijitetea kwamba mtungi ukikaribia kuisha huwa mwepesi, na juma lililopita alimwona akishindwa kutulia karibu na uso wa maji. Aliogopa asije akapaa ghafla akaumia.

“Ungeniambia,” alisema Gyeong-ok. “Leo umenipangia risasi. Kesho utanipangia nini?”

Jae-beom akanyamaza, akageuka rangi. Gyeong-ok akapanda basi peke yake, akaacha kupokea simu zake.

Lakini udadisi ni ugonjwa. Siku ya kumi alirudi bwawani na mtungi uliobakiwa na hewa kidogo, akaongeza risasi nusu kilo nusu kilo mpaka akatulia. Alilia kidogo ndani ya barakoa, maana alikuwa amemkumbuka Jae-beom mno. Kisha akampigia.

“Nilihitaji kilo moja. Wewe uliweka mbili.”

“Nilikosea, mpenzi. Hata ingekuwa moja, ningekuwa nimekosea.”

“Na siku ile ulinyamaza kwa nini?”

Jae-beom akakiri: alikwisha kumwambia mama yake kuwa wataoana, na meza ilikuwa imewekwa akiba kwa wazazi wa pande zote mbili kukutana, Machi, mkahawa wa samaki. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyekuwa hajaambiwa.

Gyeong-ok alitaka kukata simu. Alitaka pia kucheka.

“Futa nafasi ya hiyo meza. Sasa hivi, nikisikia.”

Akamsikia akipiga simu ya mezani, akimwomba radhi mwenye mkahawa mara tatu. Kisha akarudi hewani.

“Nimefuta. Sina kitu chochote nilichopanga.”

“Haya, uliza.”

“Gyeong-ok, utakubali nikuoe?”

Akamwacha asubiri, maana na yeye alistahili kuujua uzito wa kutoambiwa.

“Ndiyo,” alisema. “Ila meza nitaweka mimi.”