Chupa ya Kiunga

Sitaongeza neno, Mungu ananisikia. Haya yalimpata Joyline, aliyesoma pamoja na mwanangu Kiunga, kabla mwezi haujaisha tangu tumzike.

Kiunga alichunguza mistari ya mwanga iliyotoka kwenye wingu lililo mbali kati ya nyota. Kila kemikali ina mistari yake, kama alama za vidole, lakini hiyo haikuwa na mwenyewe. Akatengeneza kemikali moja maabarani, na mistari ikalingana. Mwalimu wake, Dokta Runji, alituombea pale kaburini akilia.

Joyline alikwenda maabarani mchana kunichukulia daftari za Kiunga. Maabara ilikuwa na mapazia meusi, na pampu ilinguruma. Mezani akaona ripoti ya ugunduzi ule. Ilikuwa na jina moja tu, la Runji.

“Dokta, na Kiunga?”

“Marehemu atafanyia nini jina? Wewe omba Mungu umalize shule.”

Stima ikapotea. Pampu ikanyamaza. Katika giza lile wakasikia kalamu ikiandika juu ya kioo, polepole, kabatini.

“Joyline, ni wewe?”

“Mimi niko hapa mlangoni, Dokta.”

Joyline akawasha tochi ya simu. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Runji. Runji akalifungua. Ndani mlikuwa na chupa ya kemikali ile, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifuta jina la mwanangu. Sasa ilikuwa imeandikwa Kiunga, kwa mwandiko wa mwanangu. Joyline akaigusa, na wino ukamshika kidoleni.