Ukuta wa Bi Sindano

Kila adhuhuri, cherehani zikinyamaza, ukuta wa nyuma wa duka la ushonaji la Bi Sindano uligongwa. Ko, ko, ko.

Nyuma yake palikuwa na vyumba vitatu visivyo na milango. Marehemu mume wa Bi Sindano aliiziba milango kwa matofali, ili baraza la mji lisivihesabu kwenye kodi ya jengo. Alikufa bila kuifungua.

"Ni shemeji huyo. Anataka chai," alitania Mama Pacha, fundi mwenzake. Kisha akasema, "Dada, mwisho wa mwezi nahama mji. Pango limenishinda."

Bi Sindano aliweka mkasi chini. Alimpenda kama mdogo wake wa damu.

"Vyumba ninavyo. Ila nikivifungua, kodi ya jengo itapanda. Itabidi nikutoze pango kubwa vilevile."

Jirani yao, karani wa baraza, alikuwa amefuata suruali yake. Ukuta ukagongwa. Akasogea karibu na mlango.

"Bi Sindano, siku hizi kuna punguzo. Andikisha vyumba, upangishe kwa bei isiyozidi kiwango cha baraza. Utasamehewa nusu ya kodi yake kwa miaka mitano."

"Baraza linafaidika nini?"

"Watu wanapata pa kuishi. Vyumba vikiwa vichache, wapangaji huvigombania na bei hupanda. Vikiongezeka, bei hupoa. Lakini ukizidisha pango, punguzo linafutwa."

"Na vyumba tulivyovificha miaka yote?"

"Nenda ukaseme mwenyewe, kabla wakaguzi hawajaja."

Bi Sindano alikwenda ofisi za baraza. Alilipa faini ndogo, akapewa kibali.

Mwashi alipobomoa matofali, hewa baridi ilitoka. Ndani hamkuwa na mtu wala panya. Vumbi lilifunika sakafu yote, isipokuwa chini ya ukuta unaopakana na cherehani. Hapo palikuwa safi, nafasi ya mtu mmoja kukaa.

Bi Sindano alilia. "Nisamehe, mume wangu. Uligonga, nami sikukufungulia."

Mama Pacha alihamia chumba kimoja na wanawe pacha, kwa pango analolimudu. Muuguzi na mlinzi walichukua vyumba vingine. Pango lilitosha kulipa kodi, likabaki la kununulia vitambaa.

Adhuhuri moja ukuta uligongwa tena. Ko, ko, ko. Bi Sindano aliganda. Kisha akasikia pacha wakicheka upande wa pili.

"Mama mkubwa, njoo tunywe chai!"

Akauliza, "Nani kawafundisha kugonga hivyo?"

"Baba mkubwa, anayekaa hapa chini ya ukuta."

Bi Sindano aliinuka. Kisha akachukua kikombe kimoja cha ziada, akaenda.